Kabla hujaipaka rangi nyumba ya babu

Wiki mbili zilizopita mteja wetu mmoja alitutumia ujumbe wa uchungu. Familia yao imeamua kuigeuza nyumba ya babu yao kuwa makumbusho madogo ya jamii, na sisi tukapewa kazi ya kuviandaa vitu vilivyomo. Ankara ilipomfikia, mstari mmoja ulimchoma: usajili, siku tisa. "Mmetulipisha siku tisa kwa kuandika namba kwenye vikombe," alisema. "Mpwa wangu angeimaliza Jumamosi moja."

Nilimpigia tukaongea kwa muda mrefu, na nakiri kwamba ankara ile ilikuwa na kosa letu. Tuliandika neno moja, "usajili", kana kwamba kila mtu anajua maana yake. Sasa tumeibadilisha. Lakini lalamiko lenyewe linarudi karibu kila kazi, na mtu anayehisi ameibiwa ana haki ya kuelezwa alichokilipia.

Nianze na hiyo namba. Ina sehemu tatu: mwaka kitu kilipopokelewa, fungu lililokuja nacho, na nafasi yake katika fungu hilo. 2024.3.17 ni kitu cha 17 katika fungu la 3 la mwaka 2024. Kwenye kikombe hatuandiki moja kwa moja. Tunapaka kwanza utando mwembamba wa Paraloid B-72, aina ya vanishi angavu, tunaungoja ukauke, tunaandika kwa wino kwa herufi ndogo mahali ambapo mgeni hapaoni, kisha tunapaka utando wa pili juu. Siku ikihitajika kufutwa, asetoni kidogo huuyeyusha na kikombe kinabaki kama kilivyokuwa. Nguo haiandikwi kabisa. Tunashonea kipande cha utepe wa pamba kwa mishono miwili mitatu. Barua na picha za karatasi huandikwa nyuma, pembeni, kwa penseli laini ya 2B bila kukandamiza. Mpwa angetumia kalamu ya wino mzito au stika. Wino wa namna hiyo huzama kwenye karatasi hadi ukatokea upande wa pili, na stika ama huanguka ikaenda na kumbukumbu yote, ama huacha gundi inayokusanya vumbi miaka yote.

Na hiyo ndiyo sehemu fupi ya kazi. Kila kitu hupigwa picha, hupimwa, huandikwa kimetengenezwa kwa kitu gani, kina ufa wapi na kutu wapi, kilikuwa chumba gani, kilikaa juu ya nini, nani alikitumia, na nani ametuambia hayo. Hilo la mwisho wateja wengi huliona ni upuuzi, lakini dada mmoja akisema saa ilikuwa ya babu na kaka yake akisema ilinunuliwa babu alipokwisha kufa, sisi tunaandika kauli zote mbili na majina ya waliosema. Hatuchagui upande.

Katika nyumba moja tulikuta bati la biskuti lililojaa vifungo. Lilikuwa tayari kwenye rundo la takataka, na aliyeliweka huko simlaumu, maana ni vifungo tu. Mwenzangu akalipeleka kwa shangazi mzee wa familia, akamwagia vile vifungo kwenye sinia. Yule mama alianza kuvipanga kimoja kimoja bila kuulizwa. Hiki ni cha koti la mwalimu, hivi ni vya gauni la harusi la jirani, hiki alikiokota mtoto akakimeza na kikatoka. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa mzima na kila nguo iliyokufa aliitoa kifungo kimoja. Tulikaa naye siku mbili tukiandika. Leo wageni husimama mbele ya bati lile kuliko mbele ya kabati kubwa la mninga ambalo familia ilidhani ndilo litakalovutia watu. Hizo siku mbili ziko kwenye ankara, naam, na mpwa wa mtu angekuwa ameshalitupa bati mapema asubuhi.

Antwerp, Ubelgiji, kuna nyumba ya ukoo wa wachapaji iitwayo Plantin-Moretus. Familia iliiuzia jiji mwaka 1876, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka uliofuata, na mwaka 2005 ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mle ndani kuna mitambo miwili ya uchapaji ambayo ni ya kale kuliko yote iliyosalia duniani. Lakini pamoja na mitambo kuna daftari za biashara tangu karne ya 16, kwa sababu kizazi baada ya kizazi watu wale waliandika mahesabu yao na hawakuyatupa. Mtambo unaonyesha jinsi wino ulivyogongwa kwenye karatasi. Daftari ndizo zinazoonyesha kazi, malipo na watu waliokuwa nyuma yake. Ukoo ule ulijisajili wenyewe kwa miaka mia tatu; familia nyingi hazikubahatika hivyo, ndiyo maana sisi tupo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Watu hutuita baada ya kusafisha. Wanaona aibu kutuonyesha vumbi, au wanataka kupunguza gharama, basi wanafagia, wanapanga vitu upya, wanapaka rangi, wanang'arisha shaba, ndipo wanapiga simu. Nia ni njema, na madhara ni makubwa.

Kuna nyumba tulifika siku tatu baada ya mafundi rangi. Kuta nyeupe, milango inanukia. Mama mwenye nyumba akatupeleka jikoni kutuonyesha mwimo wa mlango ambapo baba yake alikuwa akiwasimamisha watoto kila mwaka na kuchora mstari juu ya vichwa vyao, watoto tisa, majina na miaka. Alikuwa anatuambia habari ile huku anatembea, kisha akafika mlangoni akanyamaza. Fundi alikuwa amepiga msasa mbao yote kabla ya kupaka. Kama angepaka tu juu yake, huenda tungeweza kuitoa rangi taratibu kwa siku kadhaa. Msasa hauna dawa. Tuliandika simulizi lake na kulirekodi, na hilo ndilo pekee lililobaki.

Ukienda Amsterdam kwenye nyumba alimojificha Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyekuwa akiwakimbia Wanazi, na familia yake, utakuta kwenye karatasi ya ukutani mistari ya penseli ya urefu wa Anne na dada yake Margot. Vyumba vyenyewe ni vitupu. Samani ziliondolewa baada ya kukamatwa kwao, na baba yao, Otto Frank, alitaka pabaki hivyo hivyo. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Mistari ile michache ya penseli inambana mgeni kifua, na fundi mwenye haraka angeimaliza kwa dakika tano.

Kupiga msasa kuna hatari nyingine pia: rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Tuulize kwanza.

Kuhusu kuta, ugomvi wetu na wateja hauishi. Nyumba nyingi za kale zilijengwa kwa chokaa; hata saruji ya Portland yenyewe ilipewa hataza, yaani hati ya uvumbuzi, mwaka 1824 tu, na kuenea kwake kulichukua miaka mingi zaidi. Ukuta wa chokaa huvuta unyevu na kuutoa, unapumua. Lipu ikibanduka, mwenye nyumba anaziba kwa saruji kwa sababu ni ngumu na ya haraka, kisha anafunika kwa rangi ya plastiki. Unyevu uliokuwa ukitoka pale unakosa njia. Unapanda juu zaidi, chumvi inajikusanya nyuma ya kiraka, na baada ya misimu michache kiraka kinaanguka kikiwa kimeng'ang'ania mawe ya ukuta. Tumewahi kubandua saruji ya namna hiyo kwa wiki nzima, kwa patasi na nyundo ndogo, kabla hatujaanza kazi tuliyoitiwa. Mteja alilipa mara tatu: kuiweka, kuitoa, na kupiga lipu ya chokaa ambayo ilitakiwa tangu mwanzo.

Nyaraka nazo. Tafadhali, msipeleke cheti cha ndoa cha bibi kufanyiwa leminesheni. Joto huyeyusha gundi ikaingia ndani ya karatasi, na karatasi iliyozeeka haitoki tena salama. Selotepu ni ndugu yake: miaka michache inakuwa njano, plastiki inadondoka, gundi inabaki imelowesha maandishi. Kuitoa kwenye barua moja kunaweza kutuchukua nusu siku, na aliyeibandika alitumia sekunde chache. Kinachotakiwa ni bahasha ya poliesta safi iliyo wazi pembeni, au folda ya karatasi isiyo na asidi, na iwekwe gizani. Madhara ya mwanga hayaponi. Picha, nguo na rangi za maji tunaziwekea mwanga wa lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), ndiyo maana vyumba vyetu vinaonekana hafifu na wageni wengine wanadhani tunabana umeme.

Wadudu nitawapitia haraka. Ukiona unga mpya chini ya kiti cha mbao au matundu kwenye sanduku, usipulizie dawa ya mende. Itaacha madoa, na waliomo ndani haiwafikii. Kitu kidogo kinafungwa vizuri kwenye nailoni, kinawekwa kwenye jokofu la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, kisha kinaachwa kirudi joto la chumba kikiwa bado kimefungwa, ili unyevu wa hewa utue juu ya nailoni na si kwenye mbao. Vitu vilivyopakwa rangi, vyenye kioo au vilivyoungwa kwa vitu mchanganyiko haviendi jokofuni kabla ya kukaguliwa.

Na makaratasi ya umiliki, ambayo kila familia inasema hayahitajiki kwa sababu "sisi ni ndugu". Miezi minne baada ya makumbusho moja kufunguliwa, binamu alikuja akaangua saa ya ukutani akaondoka nayo mbele ya wageni. Saa ilikuwa ya mama yake kweli. Hakuna aliyekuwa ameandika kama aliitoa kabisa au aliiazima. Tangu hapo hatugusi kitu bila hati ya makabidhiano iliyotiwa saini, inayosema ni zawadi au ni mkopo, na kama ni mkopo, hadi lini. Kuitafutia saini hati hiyo kwa ndugu kumi na mmoja waliotawanyika huchukua siku. Nazo zipo kwenye zile tisa.

Tunatoza kwa siku ya mtu mmoja kazini, na vifaa tunavitoza kwa bei tuliyonunulia. Kazi ya kutengua matengenezo ya mtu mwingine ni ya bei ya juu, kwa sababu ni ya polepole na hatari ya kuharibu ni kubwa, na sitaki kuificha. Nyumba iliyofungwa na kuachwa na vumbi lake miaka 20 hutugharimu muda mdogo kuliko nyumba iliyokarabatiwa kwa moyo mwema mwezi uliopita. Yule mteja wa vikombe alipunguziwa siku moja, siku tuliyoipoteza kwa sababu mwenzetu alisahau kamera, na hiyo haikupaswa kuwa juu yake. Nane alilipa.

Kwa hiyo ukitupigia, tutakuuliza nani ana funguo, nani mzee kuliko wote katika ukoo na anaweza kuketi nasi asubuhi, na kuna paa linalovuja wapi. Kama linavuja, weka ndoo na usogeze vitu vilivyo chini yake, ukipiga picha ya mahali vilipokuwa. Madirisha yafunguliwe siku kavu. Ufagio acha nyuma ya mlango hadi tufike.