Umeandika "livery". Sasa tukushonee nini?

Mteja mmoja wa magari ya watalii ametoka kwetu akinuna, na mtaani anasema tumemdhulumu. Karatasi yake ya oda ilidai "livery" ya madereva na magari, neno la Kiingereza linalotajwa kwa sare na hata kwa rangi za kampuni, bila maelezo zaidi. Tukampa bei ya suruali, mashati na vizibao. Siku ya kuchukua mzigo akauliza magari yatapakwa rangi lini. Rangi ya magari, kwa fundi cherehani! Tungeyacheka haya yakaisha, lakini karatasi za namna hiyo zinazidi kuja, nyingi zimenakiliwa kwenye oda za watu wengine huko intaneti, na kila mwenye nazo anaamini neno hilo lina bei yake.

Halina. Neno lenyewe Waingereza walilitoa Ufaransa, kwenye kitenzi cha kukabidhi. Bwana mkubwa wa zama hizo aliwakabidhi watu wa nyumba yake mkate, mishumaa na kitambaa, na farasi wakapata malisho yao, yote kwa jina hilo moja. Kitambaa kikawa cha rangi ya bwana, ndipo neno likabaki kwenye nguo za watumishi. Upande wa farasi haukufa: hadi leo banda la kulishia farasi wa watu kwa malipo linaitwa hivyo hivyo Uingereza. Sheria nayo ikaingia, maana mabwana walianza kuwavisha hata watu wasio wa nyumba zao wakajifanyia majeshi. Mfalme Richard II aliliwekea jambo hilo mipaka mwaka 1390, na Henry VII akakaza tena 1504. Rangi za ndege na za magari ya kampuni ni maana ya juzi tu, na ndiyo iliyotugombanisha na mteja yule.

London vipo vyama vya kale vya mafundi na wafanyabiashara, zaidi ya 110, vilivyopewa jina hilo kwa sababu ya majoho ya wanachama wake. Cha washonaji kilipata hati ya kifalme mwaka 1327. Waligombana na wafanyabiashara wa manyoya nani atangulie kwenye maandamano, wa sita au wa saba, hadi Meya alipoamua mwaka 1484 kwamba wapokezane mwaka hadi mwaka. Ukisikia fundi cherehani ana kiburi, jua hakikuanzia hapa Unguja.

Hata ukitaka nguo peke yake, neno halitoshi. Hoteli moja ilituletea picha ya zamani ikitaka "livery" ya watumishi wa kale kwa ajili ya wahudumu wa mezani: kanzu nyeupe, mshipi na tarbushi nyekundu, miguu mitupu. Tukawauliza, watumishi wa lini? Enzi za utumwa hapa, mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu; nguo yake ilikuwa merikani au kaniki. Kanzu na kofia vilikuwa vazi la waungwana, na amri ya 1897 ilipofuta utumwa kisheria, walioachwa huru waliyakimbilia mavazi hayo hayo, wanawake nao wakajifunga kanga. Waliofanya kanzu na tarbushi kuwa sare ya boi ni Waingereza waliokuja kututawala. Tuliwaambia wenye hoteli kwamba kanzu tutashona, na viatu wawanunulie wahudumu wao. Walinunua.

Na kanzu ile haikuwa rahisi, sikatai. Mtu anaona gunia jeupe lenye mikono, haoni badani, taharizi za pembeni, vikwapa, sijafu za ncha za mikono, lisani ya chini ya mpasuo wa mbele, wala darizi ya shingoni iliyofanywa kwa mkono. Darizi ya mashine ipo, na bei yake ni nusu. Ukitaka hiyo sema, ila usituletee ya jirani utuulize kwa nini yetu ghali.

Njia ya mkato inayowaponza wengi ni kuja na kitambaa chao. Wananunua jora moja sokoni Darajani, likipungua wanaongeza jora jingine wiki mbili baadaye. Rangi moja dukani, lakini majora hayakutiwa rangi siku moja, na juani wahudumu sita wanakuwa na bluu za aina mbili. Tena pamba halisi lazima ilowekwe kabla ya kukatwa, la sivyo inarudi ikifuliwa. Mgahawa mmoja ulikataa gharama ya kuloweka, na saizi wakatutumia kwa WhatsApp, "kati, kubwa, kubwa sana". Baada ya kufua mara ya pili suruali zilikuwa juu ya vifundo vya miguu. Wakashona upya zote, kitambaa kipya na ufundi mpya, kwa pesa ambayo ingetosha kuwapima wote na kuloweka jora zima, na chenji ikabaki.

Basi ukituandikia, tutajie vazi: shati mikono mifupi, kizibao chenye bitana, mshipi, kofia, na ngapi kwa kila moja. Tuambie kama nguo itafuliwa kila siku, tukushauri mchanganyiko wa pamba na poliesta badala ya pamba tupu. Ikiwa nguo lazima zifanane na rangi ya magari, tuletee gari lenyewe. Picha ya simu hudanganya rangi. Wafanyakazi waje wapimwe kwa futi, hata yule wa zamu ya usiku. Agiza na chache za akiba kutoka jora hilo hilo, kwa maana mtu mpya ataajiriwa tu. Arubuni ni nusu, na hatukati kitambaa kabla haijafika. Kupaka magari rangi na kuandika majina ubavuni hatufanyi, ila fundi tunamjua na tutakuelekeza kwake, bei yake mtaelewana wenyewe.