Barua ya Wazi kwa Waziri wa Utalii: Kima Waliookolewa Wasishikwe

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mmoja wa abiria walioteremka kutoka meli ya kitalii bandarini kwenu, tukiwa na saa 5 tu za kukaa nchi kavu. Nilichagua kituo kilichotangazwa kuwa ni makao ya kima waliookolewa, nikalipa kiingilio kwa moyo mkunjufu, nikiamini kinakwenda kwenye chakula na dawa zao.

Tulipofika tulipangwa foleni. Mhudumu alimtwaa kima mchanga akawa anamweka begani kwa kila mgeni: picha, haya, anayefuata. Alipofika kwangu nikaona kiunoni manyoya yamelika mviringo mzima, alama ya kamba. Nyuma yangu alikuwapo mzee aliyekuwa akikohoa tangu melini. Naye akawekewa.

Kikohozi kile si jambo dogo, Mheshimiwa. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, kirusi cha mafua ya binadamu kiliua sokwe 5 wa kundi moja. Kwa hatari kama hiyo, miongozo ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, inawataka watalii wanaowafuata sokwe porini wakae umbali usiopungua mita 7 na wavae barakoa. Huyu wa kwenu anapitishwa mabegani mwa watu wa meli nzima.

Linaloninyima usingizi zaidi ni alikotoka. Kima mchanga habanduki kwa mamaye. Ukimkuta mikononi mwa watu, mara nyingi mama ameuawa. Kituo cha kweli hakiuzi wanyama, hakiwazalishi, wala hakiwatoi kupigwa picha na wageni. Na kwa kuwa jamii yote ya kima, nyani na sokwe iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, kuwauliza wenye kituo hati za kila mnyama aliyevushwa mpaka si kuwaonea.

Naomba basi wakaguzi wako waulize hati hizo kabla ya kuongeza leseni, na kumshika mnyama kupigwe marufuku. Orodha ya vituo vilivyokaguliwa ibandikwe gatini, maana abiria mwenye saa 5 humfuata dereva wa kwanza anayemwita. Kiingilio kilekile ningelipa nikamtazame kima juu ya mti, kwa mbali, hata kama angenipa mgongo.

Ukaguzi ukianza, tafadhali aanzwe yule mwenye alama kiunoni.

Wako kwa heshima,
Abiria