Dawa tumeshameza, sasa tuwatoe watu majini: wito wa harambee kutoka Malimbe

Ndugu zetu wa Malimbe, Sweya, Luchelele na Nyegezi. Wanafunzi mliopanga mageto mitaani kwetu. Wahadhiri na wafanyakazi. Nanyi mliohitimu mkaenda zenu Dodoma, Songea na kwingineko ila bado mnaulizia bei ya sato wa Mwanza: tunawasalimu, na tunawaomba mchango.

Tunatafuta shilingi milioni 46.5 za kujenga kioski cha maji, makaro ya kufulia na choo cha matundu sita pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga kando ya Ziwa Victoria. Mpaka tunaandika barua hii zimepatikana milioni 12.8, kwa hiyo zimebaki milioni 33.7. Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, kwenye uwanja ulio juu ya mwalo. Kamati hii si ya chuo wala ya serikali. Ni wakazi, akina mama wa dagaa, wanafunzi, na wahadhiri wachache waliojitolea kwa nafsi zao. Hesabu zetu zote ziko kwa mwenyekiti wa mtaa, na kila anayetaka kuziona anaruhusiwa.

Mtu atauliza: mnaishi ubavuni mwa chuo kikuu, mbona mnachangisha choo na makaro ya kufulia badala ya kompyuta? Jibu ni kichocho, ugonjwa wa minyoo tunaoupata tukiingia ziwani.

Mwanza ni mji uliochunguzwa sana. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo chake hapa. Bugando kuna chuo kikuu cha afya, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wanapima samaki, na hapa Malimbe tuna SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), iliyoanza mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo ya jamii ya Nyegezi na kupandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Mambo makubwa yametoka kwenye mkoa huu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, jamii kumi na mbili za Mwanza zilishiriki utafiti wa magonjwa ya zinaa: sita zilipata matibabu yaliyoboreshwa kwenye vituo vyao vya afya, sita zikasubiri. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1995, maambukizi mapya ya VVU kwenye zile sita za kwanza yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ilisoma. Watu waliotoa damu zao kwa ajili ya kazi ile walikuwa wakulima na wavuvi wa huku kwetu.

Hata furu, samaki wetu wadogo wa ziwani, wamehesabiwa. Kuanzia mwaka 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuwa wakivuta nyavu kwenye Ghuba ya Mwanza wakishirikiana na wenyeji, wakiorodhesha aina za furu kabla sangara hajatamalaki na kuwamaliza wengi wao. Katika furu hao walikuwamo waliokula konokono, wakivunja magamba kwa meno yaliyo kooni. Wazee wa mwaloni wanawakumbuka, ingawa walikuwa wakiwaita kwa majina ambayo hayamo kwenye orodha ya Leiden.

Na kichocho je? Hicho nacho kimechunguzwa sana. Kuanzia mwaka 2011 utafiti mmoja ulifuatilia vijiji 150 vya ukanda huu wa ziwa kwa miaka kadhaa, ukilinganisha ratiba mbalimbali za kugawa dawa. Kuna vijiji ambavyo maambukizi yalishuka, na kuna vingine ambako dawa ilitolewa lakini ugonjwa ukagoma kushuka kama ilivyotarajiwa. Ukitaka kujua kwa nini, usiende maktaba. Nenda mwaloni saa sita mchana.

Utakuta akina mama wamesimama maji ya magotini, wanafua. Ndoo ziko kwenye jiwe, mtoto mdogo amekalishwa kwenye beseni lililo nusu majini ili asisumbue. Wanafunzi wawili watatu wameshuka na mashuka yao kwa sababu getoni maji yamekatika. Wavuvi wanasukuma mtumbwi. Na saa hiyo hiyo, jua likiwa kali, ndipo konokono wa majini, anayebeba vimelea vya kichocho, anavitoa kwa wingi zaidi. Konokono wenyewe ni wadogo, bapa. Kimelea kikimgusa mtu kinapenya ngozi kwa dakika chache, bila jeraha. Mwingine huwashwa kidogo, mwingine hajui kabisa. Wiki kadhaa baadaye minyoo imeshakomaa kwenye mishipa ya damu ya tumbo, dume na jike wameshikana, na jike anataga mamia ya mayai kila siku. Mengine hutoka na choo kikubwa. Mengine hunasa kwenye ini, na miaka ikipita ini na bandama huvimba, wengine wakaishia kutapika damu. Hatuhitaji kuwatajia majirani waliofia hapo. Mnawajua.

Mwaka jana wahadhiri wenzetu walituletea hadubini mtaani, tukaiweka kwenye meza ya mama mmoja muuza chapati. Fundi wa maabara alichukua kinyesi kidogo, akakipitisha kwenye chujio, akakijaza kwenye kitundu cha kibati chenye kipimo chake: miligramu 41.7. Unahesabu mayai yote unayoyaona, unazidisha kwa 24, unapata idadi kwa gramu moja. Watu walipanga foleni kutazama. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, huwezi kulisahau ukishaliona. Mzee mmoja aliyekuwa akibisha kwamba kichocho ni ugonjwa wa kukojoa damu tu alitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Hiki kimetoka kwa nani?" Akaambiwa ni chake. Siku ile tulielewesha watu wengi kuliko semina zote tulizowahi kukaa.

Kwa hiyo dawa tunaikubali, na tunaomba iendelee. Watoto wa shule wanapimwa urefu kwa kijiti, wanapewa vidonge vyao baada ya kula, wanakunja nyuso kwa uchungu, wanameza. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri hata watu wazima na watoto kuanzia miaka miwili wapewe pale ugonjwa ulipoenea. Ila prazikwanteli, ndiyo dawa yenyewe, inaua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga mingi inanusurika. Wala haiachi kinga yoyote mwilini. Mtoto akimeza Jumatatu, Jumanne akarudi ziwani kuchota maji, tunatwanga maji kwenye kinu.

Hapo ndipo tulipokaa na wahadhiri na kuwaambia: vipimo mmechukua, vitabu mmeandika, sasa mtusaidie kuchora. Tulibishana sana, na tunataka mjue tulibishana nini, maana fedha yenu itakwenda hapo.

Mchoro wa kwanza uliweka makaro juu barabarani, bomba linakopita, kwa kuwa ni rahisi. Akina mama waliukataa. Walisema wazi: hakuna atakayepanda kilima na beseni la nguo mbichi wakati dagaa zake zimeanikwa chini na kunguru wanazingira. Kufulia ziwani kuna upepo, kuna mawe ya kuanikia, kuna wenzako wa kuzungumza nao, na mtoto unamwona. Ukimpa mama maji safi mahali asipokaa, atayasifu na kuendelea kufua ziwani. Kwa hiyo bomba litateremshwa mpaka mwaloni, na makaro manane yatajengwa palepale, hatua chache juu ya usawa ambao ziwa lilifikia lilipojaa miaka hii ya karibuni. Yatakuwa ya zege, kimo cha kiuno, mtu afue amesimama. Maji machafu yataingia kwenye shimo la kufyonza, yasirudi ziwani.

Choo nacho kina hadithi yake. Mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, watu wamekesha na taa zao majini, na choo cha kufungwa kwa kufuli wakati huo hakina maana. Ufunguo ukikaa kwa mtu mmoja, choo kimekufa. Hivyo kitakuwa wazi usiku na mchana, na mhudumu atalipwa kutokana na mauzo ya maji. Yai lisipofika majini, konokono hapati kitu. Matundu matatu ni ya wanawake, yenye nafasi ya kujisafishia. Kipande hiki ndicho ghali kuliko vyote: milioni 15.5, kwa sababu ardhi yetu ni mwamba na mashimo yatachimbwa kwa nyundo na patasi. Mwanza mnaijua.

Simtanki mbili za lita 10,000 na mnara wake zitakula milioni 9.5, kioski na makaro milioni 12, kuunganisha bomba na mita milioni 7.2, shimo la kufyonza na mifereji milioni 2.3.

Wapo waliosema, kwa nini msivute maji ya ziwa kwa pampu mkayalaza kwenye tanki siku mbili, vimelea vya kichocho si vitakufa? Vitakufa, ni kweli, na nyumbani ukiwa huna namna fanya hivyo. Lakini kipindupindu hakifi kwa kulazwa, na pampu inakula umeme kila siku. Mtambo wa Butimba umejengwa kuzalisha lita milioni 48 za maji kwa siku, maji yamechujwa na kutiwa dawa. Yako jirani. Kilichobaki ni kuyafikisha.

Wengine wanauliza bili atalipa nani. Ndoo ya lita 20 itauzwa shilingi 50. Kufua kwenye karo hakutatozwa chochote, na hapa kamati haikukubaliana kwa kauli moja, tusiwadanganye. Mweka hazina bado ananuna. Sisi tulio wengi tunaona kwamba karo la kulipia litawarudisha watu ziwani ndani ya wiki moja, kwa kuwa ziwa halidai hela. Tutalipima suala hili baada ya miezi sita, na wanafunzi wa sosholojia wameomba wawe ndio wahesabuji: nani anafua wapi, saa ngapi, na kwa nini.

Watoto wataendelea kuogelea. Hatujidanganyi kwamba karo la zege litamzuia mtoto wa Malimbe kuruka kutoka kwenye jiwe. Wavuvi nao wataendelea kuingia majini, ndiyo kazi yao. Kwa hao dawa na choo vitaendelea kuwa ndiyo kinga. Ila mama anayefua kila siku ya pili, mtoto wake kwenye beseni, na mwanafunzi aliyetoka mkoa usio na ziwa asijue anachokanyaga, hao tunaweza kuwatoa majini mwaka huu.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji fedha nyingi lakini tunalitaja kwa kuwa limetuuma muda mrefu. Watu walikuwa wakija, wakichukua kinyesi, damu, maji na samaki, wakishukuru, wasionekane tena. Sasa mtaa una daftari. Kila mtafiti anayepita, awe profesa au mwanafunzi wa mwaka wa tatu, anaandika jina, anachotafuta, na mwezi atakaorudi kutueleza alichokipata, kwa Kiswahili, na kwa wazee kwa Kisukuma. Jumapili moja kila mwezi tunakaa chini ya mwembe tunawasikiliza. Wahadhiri wanasema maswali ya huko ni magumu kuliko ya wenzao wa ukumbini. Laki tatu katika bajeti ya kioski ni za ubao na benchi za kikao hicho. Anayetaka kuzilipia hizo peke yake, aseme.

Mchango si lazima uwe fedha. Saruji, nondo, mchanga, kokoto, tripu ya lori, siku moja ya fundi, vyote vinaandikwa kwa thamani yake. Akina mama wanaoponda mawe wameshatoa ndoo za kokoto, nasi tumeziingiza kwenye hesabu ya ile milioni 12.8 kama mchango wa mtu mwingine yeyote. Msaragambo wa kuchimba mtaro wa bomba utaanza Jumamosi inayofuata harambee, saa kumi na mbili asubuhi. Njoo na jembe au sululu, uji upo. Hatutatengeneza fulana wala kofia, na mgeni rasmi ameambiwa hivyo. Walio mbali, namba ya kutumia fedha kwa simu wataipata kwa wawakilishi wa madarasa yao au ofisi ya mtaa. Usitume kwa namba uliyoletewa na mtu usiyemjua, hata kama ina jina letu. Risiti inatolewa kwa kila kiasi, kuanzia shilingi elfu moja.

Wenye malori ya mchanga wapitie barabara ya juu, ile ya chini imemegwa na maji. Na ahadi zinapokelewa, ila tafadhali andikisha jina ambalo tunaweza kulisoma hadharani: mpaka sasa tunao "Msamaria Mwema" wanne kwenye daftari, wote wameahidi, na mweka hazina hajui amdai nani.