Picha za ndege wa bustanini wiki hii
Habarini wanakikundi, picha zenu nimeziangalia zote na nimefurahi kweli, ila nyingi ndege katoka na ukungu na shida si kamera jamani, ni spidi ya shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga, ndege akitulia tawini 1/500 ya sekunde inatosha lakini akiruka pandisheni mpaka 1/2000 hata kama ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) itapanda na kuleta chengachenga, zikiwa kidogo tunazivumilia, picha iliyotikisika ndo hairekebishiki. Fokasi iwe kwenye jicho. Jicho likiwa kali picha inaishi hata mkia ukififia.

Mwanga mzuri ni asubuhi mapema, na pigeni kutoka dirishani, nyumba hawaiogopi kama wanavyomwogopa mtu anayetembea. Wekeni na beseni la maji, kina sentimita 3 hadi 5 tu, na kijiti cha kutua pembeni, mtaona wanavyokuja wenyewe.

Kitu kimoja naomba sana, kiota chenye mayai au makinda tusikisogelee wala kukata majani ili kionekane, wazazi wanaweza kukitelekeza na adui wakakiona kirahisi. Picha za hivyo humu sitazipokea. Za wiki ijayo tumeni Jumamosi kabla ya jioni, na mtaje lenzi mliyotumia.