Walter Tull alikuwa ofisa, sio mchezaji mpira tu

Mhariri, salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari.

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Jambo lenyewe limeanzia kwa kinyozi wetu, tulikuwa tunabishana Spurs na Arsenal kama kawaida afu jamaa mmoja akadakia eti ile vita kuu ya kwanza ilikuwa ya wazungu wenyewe kwa wenyewe, mtu mweusi kazi yake kubeba mizigo. Nikamuuliza, Walter Tull je? Akasema si yule mchezaji wa zamani wa Tottenham? Sasa ndo hapo, hata nyie wa kurasa za michezo mkimgusa mnaishia kwenye mpira.

Mpira naupitia haraka. Kazaliwa 1888 Folkestone, kusini ya Uingereza, baba yake seremala katoka Barbados, mama mwenyeji wa hapo hapo Kent. Mama akafariki 1895, baba akafuata 1897, Walter na kaka yake Edward wakaishia kituo cha yatima London. 1909 akaingia Tottenham, Oktoba ile ile akazomewa vibaya sana Bristol kwa ajili ya rangi yake, baada ya hapo namba ikaota mbawa. 1911 akachukuliwa na Northampton Town ya Herbert Chapman (ndio, huyo huyo aliyekuja kuijenga Arsenal, msianze) akawachezea mechi 111.

Desemba 1914 akaingia jeshini, batalioni ya 17 ya rejimenti ya Middlesex, ile iliyojaa wanasoka, akapanda hadi sajini. 1916 mabomu ya mahandakini yakamvuruga akili wakamrudisha kwao kutibiwa, alipopata nafuu akarudi tena Ufaransa, kwenye Somme. Yaani mtu kashakuona kule kulivyo, katoka mzima, na anarudi.

Kanuni za jeshi lao za 1914 zilitaka ofisa awe mwenye asili safi ya Ulaya, imeandikwa kabisa. Ila wakubwa zake wakampeleka kozi ya uofisa Scotland na Mei 30, 1917 akatoka luteni usu. Watu wanasema ndo ofisa wa kwanza mweusi, sio kweli, George Bemand mzaliwa wa Jamaica alishapata nyota 1915, naye alifia vitani. Lakini Bemand alikuwa wa mizinga, Tull wa askari wa miguu, na huko luteni anatangulia yeye, watu wanamfuata nyuma. Na waliomfuata ni wazungu, vijana ambao wengine kwao hawajawahi kuambiwa na mtu mweusi hata wapishe njia!

Mwanzoni mwa 1918 wakiwa Italia aliongoza watu 26 kuvuka mto Piave usiku, baridi kali, maji yanakimbia, wakafika upande wa adui na akawarudisha wote 26 wazima. Meja Jenerali Sydney Lawford akamsifu kwa maandishi, ujasiri na utulivu. Mimi hilo la utulivu ndo limenikaa, maana ujasiri hata mlevi anao.

Machi 25, 1918 Wajerumani walikuwa wamefumuka na shambulio lao kubwa Ufaransa, Tull akapigwa risasi karibu na kijiji cha Favreuil. Miaka 29. Askari wake Tom Billingham, golikipa wa zamani wa Leicester, akajaribu kumkokota huku risasi zinapita, akashindwa. Mwili haujaonekana mpaka leo, jina tu liko kwenye ukuta wa kumbukumbu ya waliokufa vitani, pale Arras, Ufaransa.

Ofisa mwenzake alimwandikia Edward kwamba mdogo wake alipendwa na batalioni nzima na alikuwa ameshapendekezwa kupewa Military Cross, nishani yao ya ushujaa. Hakupewa. Kuna watu wameidai kwa serikali yao miaka na miaka, wanajibiwa karatasi ya mapendekezo haionekani. Kwa maoni yangu wampe tu, barua ipo, ila ukishaanza habari za karatasi huwezi kuishia kwake. Jeshi hilo hilo, miaka hiyo hiyo, lilikusanya wapagazi huku kwetu, Kariakoo jina limetokana na wao, wakafa makumi kwa maelfu kwa njaa na magonjwa. Nenda pale Posta kwenye sanamu ya askari, maandishi yanawaambia hata wakifa wana wao watakumbuka majina yao. Yapi? Tull ana ukuta, babu zetu waliobeba mizigo hawana hata huo, kwa hiyo yule jamaa wa kinyozi hata hilo la kubeba mizigo alilisema kirahisi mno.

Basi Mhariri, mkipata nafasi muandikeni, na picha yake ya magwanda ipo, msituwekee ile ya jezi peke yake.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam