Mbwa wetu na baridi ya Juni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na majirani zangu wa huku Uyole, Mbeya. Juni na Julai sisi tunajifunika mablanketi mawili mawili, ila mbwa anayetulindia nyumba kafungwa mnyororo kwenye mparachichi, analala juu ya udongo mbichi. Gunia kuukuu na vipande vya mbao vya kumwinua kutoka chini vinatushinda? Maji yake nayo yamo kwenye kopo la rangi lililoota ukijani.

Kubwa zaidi ni chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Paka pia, ingawa wengi tunamwona ni wa panya tu. Na mtoto aking'atwa, tuache mambo ya kumpaka mafuta ya taa: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Wenyeviti wa mitaa nao watangaze siku ya chanjo mapema, tena jioni, maana asubuhi wengi tuko shambani.

Msomaji,
Uyole, Mbeya