Barua kwa Mwanangu: Paa la Nyasi la Rembrandt

Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Picha uliyonitumia ya Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi, nimeitazama kwa utulivu, na kwa kuwa uliniuliza nimeionaje, jibu langu ni kwamba aliitazama nyumba ya shamba kwa jicho la fundi, si la mpita njia.

Kazi hiyo ya mwaka 1641 ina nyumba ya mkulima na banda la majani makavu, na Amsterdam huonekana kwa mbali. Hapo palitumika bamba la shaba lililopakwa nta: mchoraji hukwaruza nta kwa sindano, tindikali ikaila shaba palipoachwa wazi, na kadiri inavyokaa ndivyo mstari unavyozama na kushika wino mwingi. Bamba likishapakwa wino na kufutwa juu, huwekewa karatasi yenye unyevu na kukandamizwa kwa mashine, na kilichochorwa kulia hutokea kushoto. (Mwenye kutaka jina lake lisomeke hana budi kuliandika kinyume, mafundi wetu wa nakshi za milango wangelalamika.)

Litazame paa kwa makini. Limeshuka chini, na mistari iliyolichora imelala pamoja kama nyasi zenyewe, wala mchoraji hakujaribu kulinyoosha ili lipendeze. Banda nalo ni la werevu, kwani Waholanzi hulisimamishia nguzo na kulipandisha au kulishusha paa lake kufuata wingi wa majani yaliyomo. Ajuaye jinsi makuti yanavyoezekwa kuanzia chini, kila safu ikiikalia iliyotangulia ili mvua ya masika isipate njia, hataiona nyumba hiyo kuwa ngeni.

Tangu mji wetu uingizwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, wageni huzipiga picha nyumba za mawe na milango yake, nami siwalaumu; lakini nyumba za makuti na boriti za mikoko huko mashambani hupitwa kana kwamba hazikujengwa na mtu. Rembrandt hakuipita ya kwao, wala hakuichora kwa kuihurumia.

Ukija likizo, njoo na daftari lako twende kijijini Matondoni. Anza na upande wa jikoni, ambako moshi huyatia makuti weusi, kabla mwenye nyumba hajaezeka mabati.

Ni mimi baba yako.